Pilates ya Asili: Njia ya Mzee Joseph Mbele ya Mitindo Mipya ya Mazoezi

Neno Pilates siku hizi limekuwa kama neno chai. Kila mtu analitumia, lakini kilichomo kikombeni hutegemea nani amepika. Fungua simu yako utakutana na Pilates ya ukutani, Pilates ya chumba cha joto, Pilates ya muziki wa kishindo, na Pilates ya siku 28 inayoahidi tumbo bapa. Kina mama wengi wanaotafuta zoezi la kufanya nyumbani, wakiwa wamejisitiri, hukutana na jina hili mwanzo kabisa. Wazee wenye maumivu ya mgongo nao huambiwa na watoto wao walio ng'ambo, "Jaribu Pilates."

Swali ni hili: Pilates ipi? Ipo njia ya asili iliyoachwa na mtu mmoja, ina mpangilio wake na sababu zake. Yapo pia mambo mengi yaliyovikwa jina hilo baadaye, mengine yakiwa na manufaa na mengine yakiwa biashara tu. Makala haya yanaeleza asili hiyo ni nini, imefikaje hapa, nani wanaitunza, na msomaji atajuaje tofauti kabla hajalaza mgongo wake sakafuni.

Mwanzo wake: mtoto mgonjwa na kambi ya vita

Joseph Hubertus Pilates alizaliwa tarehe 9 Disemba 1883 katika mji wa Mönchengladbach, Ujerumani. Inasimuliwa kuwa utotoni aliandamwa na pumu, homa ya baridi yabisi na ule ugonjwa wa mifupa laini unaoleta matege. Mtoto huyo dhaifu alijitia katika mazoezi: sarakasi, ndondi, kupiga mbizi na kuteleza kwenye theluji. Alipokuwa mtu mzima mwili wake ulikuwa umejengeka, naye akashikilia rai moja maisha yake yote, kwamba mwili huharibika kwa kutotumiwa vizuri na kwamba unaweza kurudishwa.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alihamia Uingereza, akafanya kazi za ndondi na sarakasi. Vita vilipozuka mwaka 1914, Wajerumani waliokuwa Uingereza walihesabiwa kuwa raia wa adui wakakusanywa makambini. Joseph alizuiliwa kwanza Lancaster, kisha akapelekwa kambi ya Knockaloe katika kisiwa cha Isle of Man, kambi kubwa iliyowahi kufunga watu zaidi ya 20,000 kwa wakati mmoja. Humo ndimo alimopata muda wa kupanga mazoezi yake ya sakafuni na kuwafundisha wenziwe.

Kambi hiyo imezaa hadithi nyingi. Maarufu zaidi ni ile ya kwamba alifunga springi kwenye vitanda vya wagonjwa ili wafanye mazoezi wakiwa wamelala, na kwamba hapo ndipo mashine zake zilipoanzia. Nyingine husema wanafunzi wake hawakuguswa na ile homa kali ya mafua ya mwaka 1918. Hadithi hizi husimuliwa madarasani kama tunavyosimuliana habari za wazee wetu, na msikilizaji mwenye busara huzipokea hivyo hivyo, kama masimulizi. La yakini ni kwamba mazoezi haya yalizaliwa mahali penye nafasi finyu, pasipo vifaa, kwa watu waliokaa bila kazi. Ndiyo maana sehemu yake ya msingi haihitaji chochote ila sakafu.

New York na elimu ya kuutawala mwili

Baada ya vita alirudi Ujerumani, na katikati ya miaka ya 1920 akavuka bahari kwenda Marekani. Safarini alikutana na Clara, aliyekuwa mwenzi wake na mwalimu mwenziwe hadi mwisho wa maisha yake. Walifungua chumba cha mazoezi katika jumba namba 939 la barabara ya Eighth Avenue, New York. Mwaka 1927 alipata hataza ya Marekani ya mashine yake ya mazoezi, ile ambayo leo huitwa rifoma.

Jengo lile lilikuwa jirani na wacheza dansi, na hao ndio waliomtangaza. Mchezaji akiumia goti au kifundo cha mguu alipelekwa "kwa Joe". Mabingwa kama George Balanchine na Martha Graham waliijua kazi yake, na wanafunzi wao walipita mikononi mwake. Lakini wateja wake hawakuwa wacheza dansi peke yao. Walikuwamo pia wanabondia, waimbaji, wafanyabiashara na watu wa kawaida wenye migongo iliyochoka.

Yeye mwenyewe hakuyaita mazoezi haya Pilates. Aliyaita Contrology, yaani elimu ya kuutawala mwili kwa akili. Aliandika vitabu viwili vinavyojulikana sana: Your Health cha mwaka 1934, na Return to Life Through Contrology cha mwaka 1945 alichoandika pamoja na William John Miller. Hiki cha pili ndicho nguzo. Ndani yake mna mazoezi 34 ya sakafuni, kila moja na picha zake, na mara nyingi aliyemo pichani ni Joseph mwenyewe, akiwa amekwisha pita miaka 60. Humo anamtaka msomaji afanye mazoezi mara nne kwa wiki kwa miezi mitatu ndipo aone matunda. Linganisha na zile ahadi za siku 28.

Alifariki tarehe 9 Oktoba 1967. Alitamani sana madaktari waikubali njia yake, lakini aliondoka duniani kabla hajaona shule za tiba na hospitali zikiipokea. Hakuacha khalifa rasmi wala chuo. Aliacha wanafunzi.

Ni nini hasa kinachoitwa asili?

Watu wanapobishana kuhusu Pilates ya asili, mara nyingi hubishana kuhusu mashine. Mashine ni sehemu moja tu. Walimu wa njia ya kale hushikilia mambo manne.

La kwanza ni mpangilio. Yale mazoezi 34 hayakutupwa ovyo kitabuni. Huanza na zoezi la mia, kulala chali huku mikono ikipigapiga juu na chini, ili damu ichangamke na pumzi ifunguke. Hufuata kujikunja na kujikunjua uti wa mgongo, pingili moja baada ya nyingine. Kisha huja kubingirika kama mpira, kujinyoosha, kulala kifudifudi na kuinua kifua, kujipinda, kulala ubavu, hadi kumalizia kwa zoezi la kusukuma mwili kutoka chini. Kila zoezi humwandaa mtu kwa linalofuata, na kilichokunjwa mbele hukunjuliwa nyuma. Mwalimu anayechagua mawili matatu ya kupendeza na kuyarudia mara hamsini amechukua maneno na kuacha sentensi.

La pili ni uchache wa marudio. Joseph hakutaka mtu arudie zoezi hadi misuli iwake moto. Mengi hufanywa mara tatu, tano au sita, kwa usahihi, kisha mtu anaendelea mbele. Marudio mengi huchosha, na mwili uliochoka huanza kudanganya: shingo hufanya kazi ya tumbo, na mabega hufanya kazi ya mgongo.

La tatu ni pumzi. Katika zoezi la mia, mtu huvuta hewa kwa hesabu tano na kuitoa kwa hesabu tano, mizunguko kumi, jumla mia. Kutoa hewa yote ndilo jambo alilolisisitiza, kwa sababu pafu lisilomwaga hewa chafu halina nafasi ya hewa safi.

La nne ni umoja wa vyombo. Mbali na sakafu, Joseph aliunda vyombo kadhaa. Rifoma ni kama kitanda chembamba chenye kitoroli kinachoteleza kwenye reli, kikivutwa na springi, na mtu husukuma kwa miguu au kuvuta kwa kamba. Kingine, kinachoitwa Cadillac, ni kitanda chenye nguzo na vyuma juu yake, kikining'inia springi na bembea. Kuna kiti kifupi chenye kanyagio, alichokibuni ili kikae hata katika nyumba ndogo, na mapipa ya mbao ya kulalia mgongo. Kazi ya springi ni mbili: kumsaidia dhaifu na kumpinga mwenye nguvu. Katika njia ya asili, vyombo vyote hivi vinalenga kumrudisha mtu sakafuni akiwa na uwezo zaidi, si kumfanya mteja wa mashine milele.

Hapa inafaa kusahihisha jambo moja. Zile kanuni sita ambazo kila tangazo la Pilates huzitaja, yaani umakini, utawala, kiini, usahihi, pumzi na mtiririko, hazikuandikwa na Joseph kwa orodha hiyo. Zilikusanywa na Philip Friedman na Gail Eisen katika kitabu cha mwaka 1980, miaka 13 baada ya kifo chake. Si uongo, kwa kuwa roho yake imo katika maandishi yake. Lakini inatuonyesha kuwa hata kinachoitwa asili kimepita mikononi mwa watu.

Silsila ya wazee

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa maana ya silsila. Mwanachuoni huulizwa kasoma kwa nani, na huyo naye kasoma kwa nani. Fundi wa majahazi hakuupata ufundi wake kwenye karatasi, aliupata kwa kusimama ubavuni mwa fundi mwingine miaka na miaka. Pilates nayo ilivuka kwa njia hiyo hiyo. Wanafunzi wa kwanza wa Joseph na Clara, waliokuja kuwa walimu, huitwa wazee.

Romana Kryzanowska alikuwa mcheza dansi wa bale, akapelekwa kwa Joe kwa sababu ya kifundo cha mguu. Ndiye aliyekuja kuendesha studio ya New York baada ya Joseph, na wengi wanaojiita walimu wa njia ya kale leo hufuatisha silsila yao hadi kwake. Alifariki mwaka 2013.

Carola Trier, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa mwanasarakasi, alifungua studio yake mjini New York Joseph akiwa hai na kwa ridhaa yake. Eve Gentry, mcheza dansi aliyepona baada ya kukatwa titi kwa ugonjwa wa saratani, alihamia Santa Fe na kutengeneza hatua ndogo ndogo za kumwandaa mwanafunzi kabla hajagusa mazoezi yenyewe. Ron Fletcher, aliyekuwa katika kundi la Martha Graham, aliipeleka njia hii Beverly Hills miaka ya 1970, ikawafikia nyota wa sinema, naye akaongeza mtindo wake wa kupumua. Kathy Grant, mcheza dansi Mmarekani Mweusi, alifundisha New York kwa miongo mingi hadi Chuo Kikuu cha New York. Yeye na Lolita San Miguel hutajwa kuwa ndio wawili waliopata vyeti vya ualimu kwa mkono wa Joseph mwenyewe, kupitia mpango wa serikali ya jimbo la New York.

Msomaji ataona jambo la kustaajabisha. Wazee hawa hawakufundisha sawasawa. Kila mmoja alikuja na jeraha lake, na Joseph alimfundisha kulingana na mwili wake. Mwenye goti alipewa haya, mwenye mgongo akapewa yale. Kwa hiyo kila mmoja aliondoka na sehemu ya kweli. Anayesema "hivi ndivyo alivyofundisha Joe, na vingine vyote ni bid'a" anasahau kwamba Joe mwenyewe hakumfundisha kila mtu kitu kimoja. Na anayesema "basi kila kitu ni Pilates" anasahau kwamba wazee wote, pamoja na tofauti zao, walikubaliana juu ya mazoezi yale yale, vyombo vile vile na jicho lile lile la mwalimu juu ya mwanafunzi mmoja.

Kesi ya mwaka 2000

Jambo lililobadilisha kila kitu lilitokea mahakamani. Jina Pilates lilikuwa limesajiliwa Marekani kama alama ya biashara, na mwenye alama hiyo alikuwa akiwazuia walimu na mafundi wa mashine kulitumia bila kibali chake. Walimu waliosoma kwa wazee walijikuta hawawezi kutaja jina la kazi yao wenyewe mlangoni mwao. Mtengenezaji mmoja wa mashine wa California, kampuni ya Ken Endelman ambayo leo huitwa Balanced Body, akasimama kupambana.

Mwezi Oktoba mwaka 2000 mahakama ya shirikisho mjini New York iliamua kuwa Pilates ni jina la aina ya mazoezi, si alama ya biashara ya mtu mmoja. Ikawa kama yoga na karate: yeyote anaweza kulitamka na kuliandika mlangoni.

Uamuzi huo ulikuwa wa haki kwa walimu wengi, na uliifungulia njia hii milango ya dunia nzima. Lakini mlango ukifunguliwa hupita mgeni na hupita mwizi. Tangu siku hiyo hakuna sheria inayomzuia mtu aliyesoma mwishoni mwa wiki moja kujiita mwalimu sawa na aliyesoma miaka mitatu. Ulinzi wa asili ulitoka mikononi mwa wanasheria ukaja mikononi mwa walimu na wanafunzi. Mwaka uliofuata, 2001, ndipo ulipoundwa umoja wa walimu uitwao Pilates Method Alliance, ambao baadaye ulianzisha mtihani wa kuwapima walimu wa shule mbalimbali kwa kipimo kimoja.

Mitindo mipya: iliyo na hoja na isiyo nayo

Si haki kuvitia vipya vyote katika kapu moja. Yapo makundi matatu.

Kundi la kwanza ni Pilates ya kisasa ya kitabibu. Wataalamu wa fiziotherapia walichukua mazoezi ya Joseph wakayapima kwa elimu mpya ya mwili. Kwa mfano, njia ya kale humtaka mtu aukandamize mgongo wake wote sakafuni katika mazoezi mengi, ilhali walimu wengi wa kisasa huacha ule mpindo wa asili wa kiuno. Huvunja pia zoezi gumu vipande vipande kwa mgonjwa. Mabadiliko haya yana sababu, na anayeyafanya huweza kuzieleza.

Kundi la pili ni mazoezi yaliyozaliwa kutokana na Pilates lakini yakawa kitu kingine. Mfano ni Megaformer, mashine ya Sebastien Lagree wa Los Angeles. Inafanana na rifoma kwa macho, lakini lengo lake ni kuichosha misuli kwa mwendo wa polepole sana. Ni zoezi gumu na wanaolipenda wana haki yao. Ila kinachotakiwa ndani yake ni kinyume cha alichokitaka Joseph, aliyesema mtu atoke darasani akiwa na nguvu kuliko alivyoingia.

Kundi la tatu ni la soko la mitandao: jina la Pilates linabandikwa kwenye zoezi lolote lenye mkeka na suruali ya kubana. Hapa ndipo penye hatari, kwa sababu video haioni. Mwalimu aliye kwenye kioo cha simu hajui kama shingo yako inauma, kama una mimba, au kama mifupa yako imedhoofika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sifa za Pilates zimekuwa nyingi mno.

Madarasa makubwa ya rifoma nayo yana mtihani wao. Joseph alizunguka chumba kimoja, kila mwanafunzi akifanya mpango wake, naye akisahihisha kwa mkono. Leo mwalimu mmoja husimama mbele ya mashine kumi na mbili, wote wakifanya zoezi moja kwa muziki mmoja. Gharama hushuka kidogo kwa mteja, na jicho la mwalimu nalo hupungua.

Sayansi inasemaje?

Wapenzi wa njia ya asili nao wana ya kujibu. Mwaka 2015 shirika la Cochrane, linalochuja tafiti za tiba, lilichapisha tathmini kuhusu Pilates na maumivu ya kiuno. Ilikusanya tafiti 10 zenye watu 510. Matokeo yake: Pilates inapunguza maumivu kuliko kufanya kidogo au kutofanya kitu, lakini hapakuwa na ushahidi thabiti kuwa inashinda mazoezi mengine.

Hilo lisimvunje mtu moyo, lakini liwafanye walimu wawe wakweli. Pilates si dawa ya kila maradhi. Wala haitoshi peke yake: Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, kama kutembea kwa kasi, pamoja na mazoezi ya kujenga misuli walau siku mbili. Pilates inaingia katika hilo la pili. Kutembea bado kunahitajika.

Kama hali ni hiyo, kwa nini tuhangaike kuhifadhi asili? Kwa sababu kinachopotea kikishapotea hakuna atakayejua kilikuwa na faida gani. Mpangilio ule wa mazoezi 34 ni ujuzi wa mtu aliyeiangalia miili ya watu kwa zaidi ya miaka 40. Anayetaka kuurekebisha aurekebishe, lakini lazima kwanza uwepo mzima, wa kurejea na kulinganishia. Anayehariri utenzi bila kuweka nakala ya muswada wa kwanza amewadhulumu watakaokuja.

Inavyohifadhiwa leo

Kazi ya kuhifadhi inafanyika kwa njia tatu. Ya kwanza ni vitabu na picha: maandishi ya Joseph yamechapishwa tena, na filamu za zamani zinazomwonyesha akifundisha hutazamwa na walimu kwa makini, hatua kwa hatua. Ya pili ni vyombo: wapo mafundi, kama kiwanda cha Gratz, wanaoendelea kuunda mashine kwa vipimo vya kale, kwa sababu urefu wa kitanda na ukali wa springi hubadilisha zoezi lenyewe. Ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ni uanagenzi: mwanafunzi kukaa mamia ya saa chini ya mwalimu, akitazama, akifanya na akisahihishwa, kabla ya kuruhusiwa kumgusa mtu.

Hiyo ya tatu ndiyo inayoyumba. Soko linataka walimu wengi kwa haraka, na wazee wengi wa kizazi cha kwanza wamekwisha tangulia mbele ya haki. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi ya uti wa mgongo haraka ina madhara pia.

Kwa msomaji wa pwani

Habari njema ni kwamba sehemu ya asili zaidi ya njia hii ndiyo iliyo rahisi kuliko zote. Haihitaji mashine wala jimu. Mama anaweza kufanya chumbani mwake na mlango umefungwa, na mwezi wa Ramadhani akaweka wakati wake baada ya futari kutulia tumboni. Ila yazingatiwe haya.

Sakafu. Mkeka wa ukindu juu ya saruji hautoshi, kwa sababu kuna mazoezi ya kubingirika kwa uti wa mgongo. Tandika juu yake blanketi nzito lililokunjwa. Godoro nalo halifai, kwa sababu linabonyea na kuuficha mwili usijue ulipo.

Afya. Mwenye mimba, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye shinikizo la damu lisilotulia, au mwenye maumivu ya mgongo yanayoshuka hadi mguuni, aonane na daktari kwanza. Wazee ambao mifupa yao imedhoofika wasifanye mazoezi ya kujikunja mbele na kubingirika, maana pingili za mgongo zinaweza kuvunjika. Na mazoezi mengi ya kitabu cha 1945 ni ya kukunja mbele, kwa hiyo kufuata asili kwa upofu si salama kwa kila mtu.

Mwanzo. Anza zoezi la mia ukiwa umekunja magoti na nyayo zikiwa chini, kichwa kikiwa sakafuni. Inua mikono kidogo kando ya mwili, uipige juu na chini kwa mapigo madogo, ukivuta hewa kwa hesabu tano na kuitoa kwa hesabu tano. Fanya mizunguko mitatu tu, si kumi. Ongeza mmoja kila baada ya siku kadhaa. Shingo ikiuma, simama.

Mwalimu. Ukimpata wa kukufundisha, muulize maswali matano kabla ya kutoa pesa. Umesoma kwa nani, na kwa muda gani? Umefundishwa vyombo vyote au mkeka peke yake? Unaweza kunieleza kwa nini zoezi hili linatangulia lile? Utanibadilishia nini kwa sababu ya mgongo wangu? Na darasani mtakuwa wangapi? Mwalimu wa kweli hafurahii kitu kama kuulizwa maswali haya. Anayekasirika amekwisha kujibu.

Wala usimuulize tu kama anafundisha ya asili au ya kisasa. Wapo wa asili wanaokariri bila kuelewa, na wapo wa kisasa wanaoijua asili kuliko wanaojinadi nayo. Kipimo ni kama anakijua alichokirithi, na kama anaweza kusema wazi ni wapi amekibadilisha na kwa nini. Mwenye kuficha mabadiliko yake nyuma ya jina la marehemu, huyo ndiye wa kuepukwa.

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Katika jambo hili utumwa wenyewe ni wa kubadilisha zoezi kila msimu kwa kuwa mtandao umebadilisha, bila mwili kupata muda wa kujifunza hata moja. Joseph Pilates alitaka miezi mitatu, mara nne kwa wiki, sakafuni, kwa pumzi kamili. Hayo bado yanawezekana Lamu, Malindi, Mombasa na Vanga, na hayahitaji kununua chochote.